Nilihama Chuo kwa Ajili ya Kwaya

Baba alikuwa amewatangazia wachumaji chai wote pale Kyimo kwamba binti yake anasomea utabibu Dar es Salaam. Nikampigia simu kumwambia nimeomba kuhamia chuo cha Tukuyu, karibu na nyumbani.

“Umefeli?” aliuliza.

“Hapana, baba. Nimefaulu yote.”

“Sasa?”

Nikamweleza. Dar zamu za wodini zilikula Jumamosi na Jumapili zetu, na mwaka mzima sikuwa nimetunga wimbo hata mmoja. Tangu kidato cha pili nilikuwa mtunzi wa kwaya yetu ya usharika. Nyimbo zilinijia shambani nikichuma chai. Jumamosi nilimwimbia mwalimu wa kwaya, naye akazipangia sauti. Dar hazikuja. Daftari langu la nyimbo lilijaa majina ya dawa. Chuo cha Tukuyu kilikuwa kidogo, lakini mwisho wa juma ulikuwa wa mwanafunzi.

“Kwa hiyo unaacha chuo ukaimbe,” alisema, akakata simu.

Tukuyu walinipokea kwa sharti la kuanza upya mwaka wa kwanza, maana wa pili ulikuwa umejaa. Nikakubali.

Jumamosi ya kwanza nikaenda mazoezini. Kwaya ilikuwa imesharekodi nikiwa Dar, na dada mmoja akanionyesha video kwenye simu yake. Ulikuwa wimbo wangu, ule niliotunga bibi alipofariki. Chini yake, mahali pa mtunzi, paliandikwa jina la mwalimu wa kwaya. Huyo ndiye aliyenifundisha kusoma nota nikiwa mtoto.

Nilimfuata nje.

“Mwalimu, ule wimbo ni wangu.”

“Wewe ulileta maneno, binti. Sauti nimepanga mimi.” Alifungua mwavuli, mvua ilikuwa imeanza. “Halafu ulikuwa umeshaondoka.”

Nilirudi ndani, nikaimba alto. Niliendelea hivyo miezi miwili. Wanakwaya wote walikuwepo siku niliyowaimbia wimbo ule mara ya kwanza, ubeti kwa ubeti, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba ni wangu. Hilo liliniuma kuliko lile jina. Nikaacha kwenda.

Siku ya mahafali yangu ya chuo mama alikuja peke yake. Aliniambia baba anaumwa mgongo. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwacha baba shambani akipalilia.

Sasa natibu watu kwenye zahanati moja huko Nkunga. Watu wakisikia habari yangu hutaka niseme sijutii. Zipo siku najuta tangu naamka, na zipo siku sina nafasi ya kujuta. Natunga bado, ila simwimbii mtu.

Juzi mwalimu wa kwaya alikuja kupimwa presha. Ilikuwa juu. Nilipokuwa namfungua kitambaa cha kipimo mkononi, akaniuliza kwa upole kama sina wimbo wa Pasaka.

Nilikuwa nazo mbili.

“Sina, mwalimu,” nikamwambia, nikamwandikia tarehe ya kurudi.