Chai ya Ogwal

Enzi zile mke wa polisi hakuhitaji saa ukutani. Buti za zamu ya usiku zilipoanza kusaga kokoto kwenye njia ya nyumba za polisi, pale Nsambya, ilikuwa saa moja asubuhi, na kila mwanamke alijua chai iwe imeshaingia kwenye chupa. Joska alizisikia buti hizo akiwa ameketi kitandani, sindano ya kioo mkononi. Akasema moyoni, Ogwal huyo anafika, atanikuta nimemaliza. Akajichoma pajani.

Ilikuwa mara yake ya kwanza kujichoma, ingawa ugonjwa wa sukari ulikuwa wake na si wa mwingine. Miaka miwili mumewe, Sajini Ogwal, ndiye aliyeushika ugonjwa ule kama anavyoshika bunduki ya serikali. Yeye ndiye aliyechemsha mkojo wa Joska pamoja na dawa ya buluu katika mrija wa kioo, akautazama ukigeuka rangi ili ajue sukari imepanda kiasi gani. Yeye ndiye aliyevuta dawa mpaka alama ya ishirini. Huko kliniki daktari alizungumza na Ogwal kwa Kiingereza, na Joska akakaa katikati yao kama gunia linalosubiri mizani.

Siku moja tu muuguzi mmoja, Sista Mbambu, alimvuta nyuma ya pazia. "Nyabo, bibi yangu, mwili ni wako," akamwambia. "Dawa hii ikishaingia haimngoji mtu. Kula. Ukiona mikono inatetemeka na jasho baridi linakutoka, tafuta sukari upesi, hata kama dunia yote inasema sukari ni sumu yako." Joska alisoma mpaka darasa la tano, lakini kichwa chake hakikuwa na tundu. Maneno yale yalikaa.

Wiki ile Ogwal alikuwa amenung'unika. Anarudi kazini macho mekundu, na kabla hajavua kofia lazima kwanza amchome mke sindano, ndipo wale. "Hata nafasi ya kupumua hunipi," alisema. Ndiyo maana Joska akataka leo akute kazi imekwisha.

Alifungua mlango. Aliyesimama nje alikuwa Koplo Opoka, wa zamu moja na Ogwal, kofia mkononi.

"Shemeji," akasema, macho kwenye kokoto, "mzee hajaja."

"Yuko wapi?"

"Gari lilikuja saa kumi alfajiri. Wakamwita kwa jina. Walisema ni maswali kidogo tu."

"Gari la nani?"

"Mimi sikuona namba, shemeji." Akavaa kofia. "Na wewe usiende kuuliza mahali popote. Ukiuliza, watakumbuka kwamba ana mke."

Akaenda zake, na nyuma yake milango ya jirani ikafungwa mmoja mmoja, taratibu, kama watu waliokumbuka shughuli ndani.

Humo ndani alikuwamo mama mkwe, mzee aliyekuja kutoka Lira kuwatembelea na ambaye kila mtu alimwita Min Ogwal, mama wa Ogwal. Alikuwa amesikia yote. Hakulia. Aliinuka, akachukua kitambaa chenye maua, akaifunika sahani ya mihogo na maharage, chakula chote kilichokuwamo nyumbani, pamoja na chupa ya chai iliyokuwa kando yake. Kisha akaburuta kigoda, akakaa mbele ya meza.

Joska alielewa. Katika nyumba zile wake walikuwa na mwiko wao: mume akiitwa na gari, chakula chake kikae kimefunikwa mpaka arudi. Anayekifunua amemzika. Mlango wa nne kutoka pale, mke wa dereva mmoja alishindwa na njaa, akala mihogo ya mumewe saa sita. Jioni waliletewa buti, mtu hamna.

"Mama," Joska akasema, "nimeshajichoma dawa."

"Nani alikutuma?"

"Nilisikia buti, nikadhani ni yeye. Lazima nile sasa."

"Utakula mwanangu akirudi. Mimi nilimngoja baba yake siku mbili alipokwenda kuwinda. Sikufa."

"Wewe hukuwa na dawa mwilini, Mama."

"Basi uitoe."

Joska akakaa kitandani. Saa mbili ikapita. Kila gari lililopanda kilima, wote wawili waliacha kupumua mpaka lipite. Akilini alikuwa akimwona Ogwal mahali fulani bila mkanda, akiulizwa jambo asilolijua, na njaa yake ikamfedhehesha. Alipoyakumbuka maneno ya Sista Mbambu, alijiambia, ngoja kidogo. Hata yeye aliogopa yaliyompata yule mke wa dereva.

Saa tatu mikono ikaanza. Kwanza vidole, kisha viwiko. Jasho likamtoka shingoni, baridi kama maji ya mtungi. Sura ya Min Ogwal ikawa mbili. Joska akainuka, akashika ukuta.

"Mama, sogea. Nataka ile chai."

"Chai yenye sukari?" Sukari enzi zile ilipangiwa foleni tangu alfajiri, na vijiko vitatu vya mwisho vya nyumba ile vilikuwa ndani ya chupa hiyo, vya Ogwal peke yake. "Mwenyewe alinieleza. Sukari ndiyo inakuua. Unataka kujiua na kumzika mwanangu kwa kikombe kimoja?"

"Leo nisipoinywa ndiyo nakufa."

"Nani kasema? Daktari alimwambia Ogwal..."

"Daktari hakuniambia mimi. Mimi naambiwa na huu mwili." Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakaanguka vipande. "Ogwal akirudi, Mama, amkute nani? Maiti na chupa iliyojaa?"

Hakungoja jibu. Alimsukuma mama mkwe begani, jambo ambalo hakuwahi kuliota, akang'oa kizibo kwa meno. Nusu ya chai ilimwagikia kifuani. Nusu aliinywa, moto vilevile, akapiga magoti sakafuni akiwa ameikumbatia chupa. Juu yake alisikia Min Ogwal akianza kuomboleza kwa sauti ya chini, ile ya msiba. Mikono ilipotulia, alifunua sahani, akala mihogo huku analia. Hakuacha hata kipande.

Ogwal alirudi saa tisa mchana, kwa miguu, bila buti. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba, vidole vimelala upande kama si vyake. Mama yake alimgusa uso mara tatu kabla hajaamini, kisha akasema, "Mkeo amekunywa chai yako. Amekula na chakula."

Ogwal alimgeukia Joska. "Nani alikuchoma?"

"Mimi."

"Alama ngapi?"

"Ishirini."

Akaketi. Akaomba maji.

Kesho yake asubuhi Joska alichemsha mrija mwenyewe, kisha akavuta dawa, akaiinua sindano dirishani. Ogwal, mkono umefungwa kitambaa chenye maua, alinyoosha shingo. "Ishirini," akasema. "Angalia isipite."

"Naona."

Akajichoma. Kisha akavuta sahani, akaanza kula, mume anatazama. Min Ogwal akageuza uso kuelekea ukutani. Ogwal alingoja mpaka mkewe amalize kipande cha kwanza, ndipo akanyoosha mkono wa kushoto kwenye sahani.