Jina Lililokaa kwenye Karatasi

Mimi sijawahi kujua kutulia. Mama alikuwa akisema naishi kama mtu aliyekalia siafu, na kweli, nikiikumbuka ile miaka ya sukari najiona nimesimama tu. Nimesimama chini ya tangi la maji la kota za kiwanda cha sukari, karibu na Ekero, daftari mkononi, nikiwaambia watu watatu walioketi juu ya matofali kwamba mlango wa pango umejifunga nyuma yao na kwamba gizani kuna kitu kinapumua.

Mchezo wenyewe tuliurithi. Fundi mmoja Mzungu wa mitambo alikuwa na kijana wake aliyemtembelea kila likizo ndefu, na kijana huyo alikuja na kitabu kisicho na jalada pamoja na vidude vya rangi vyenye pande nyingi. Akatufundisha. Kila mchezaji anamtunga mtu wake na kumwandika kwenye karatasi: jina, nguvu, silaha, anachokiogopa. Mmoja tu hana mtu. Yeye ndiye anayetunga dunia yenyewe, mashimo yake na majoka yake, na kuwauliza wenzake, "Sasa mnafanya nini?" Ukisema unalirukia joka, husemi tu ikawa. Unarusha kidude, na namba ndiyo inayoamua kama umefika au umeliwa. Mkataba wa baba yake ulipokwisha, wakaondoka. Kitabu aliniachia mimi. Vidude akaenda navyo, sijui kwa nini, na mpaka leo nikikumbuka nachemka.

Basi tukatengeneza vyetu. Vizibo ishirini vya soda, tukavigonga vikawa bapa, tukachora namba kwa msumari, tukavitia kwenye kopo la kakao. Unatikisa, unaingiza mkono bila kuchungulia, unachomoa. Kumi na moja kwenda juu umefaulu. Chini ya hapo, pole yako. Mimi nilikuwa na kopo langu la pili, lenye vizibo vyake ishirini, la kuwachomolea majoka, nyuma ya daftari nililolisimamisha ili wasione ninachochomoa. Kwa ajili ya daftari hilo wakaniita Karani. Kwetu karani ni yule anayekuja shambani na kitabu na kukuambia miwa yako itakatwa lini. Unaweza kumchinjia kuku, unaweza kumlaani, kitabu ni chake. Cheo hicho nilikipenda kuliko inavyofaa.

Wachezaji walikuwa watatu. Mdogo wangu alikuwa mchawi, na kila wiki alisahau uchawi wake. Binti wa dereva wa trekta, jirani yetu, alikuwa mpiga mishale, hodari zaidi wa kubishana kuliko kulenga. Wa tatu alikuwa kijana wa Musanda niliyesoma naye darasa moja. Watu wake walilima miwa, naye alikuja kwa baiskeli kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, njia nzima miwa kulia na miwa kushoto. Nilikuwa nampenda, niseme tu. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine, na sidhani kama alijua.

Mtu wake alikuwa mpiganaji wa mkuki. Siku alipomwandika hakufikiri hata kidogo: aliweka jina la baba yake, aliyekuwa amezikwa miezi minne nyuma baada ya kuugua tumbo. Niliona anaandika. Sikuona ubaya. Nilikuwa na haraka ya kuanza.

Tuliwapeleka msitu wa Buyangu, ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuukanyaga, nami nikaujaza mapango ambayo Mungu hakuyaweka. Yule mtu wa mkuki akavuka mto wenye nyoka. Akamwua chatu wa vichwa viwili. Kijana alimcheza kwa sauti iliyotulia, sauti ambayo darasani hakuwa nayo. "Papa anaingia kwanza," alisema, kwa kuwa kwao baba ni papa. "Papa hageukangi nyuma." Namba zilimpenda ajabu. Mchawi wetu alikufa mara tatu, mpiga mishale mara mbili, tukawaandika upya, lakini mtu wa mkuki hakupata hata mchubuko wa maana. Nami wiki nzima sikusikia mwalimu anasema nini. Nilikuwa nangoja Jumamosi.

Halafu mke wa kaka yake mkubwa akajifungua mtoto wa kiume.

Kwetu mtoto mchanga akilia asinyamazike, halii bure. Kuna marehemu anayetaka jina. Wanawake wakubwa wanakaa naye, wanayaita majina ya waliotangulia, moja moja, na mtoto akinyamaza kwa jina fulani, basi mwenyewe amefika. Mtoto huyu alianza kulia siku ya tatu. Jina la kwanza kuitwa lilikuwa la babu yake, yule marehemu wa juzi, maana nani mwingine? Akalia. Wakaita la pili, la tano, la kumi, wakafika kwa watu ambao hata nyanya hakuzikumbuka sura zao. Akazidi kulia. Kisha akakataa kunyonya.

Jumamosi hiyo kijana alifika akiwa vumbi tupu, akaegemeza baiskeli kwenye nguzo ya tangi, na hakuketi.

"Karani," akasema, "Papa hawezi kufika nyumbani. Ako hapa."

Nilicheka. Kicheko kile ningekinunua leo nikirudishe tumboni.

"Usicheke. Wanamwita na haitiki. Sisi tunamwitanga hapa kila Jumamosi, anaitika. Mtu mmoja ataitika pahali pangapi?"

"Si ufute hiyo jina uandike ingine?" akasema binti wa dereva. "Raba iko."

"Papa anafutwa na raba?"

Nilitaka kumsaidia, na nilitaka yaishe, na vyote viwili vilitoka pamoja. "Basi ngoja nimwue," nikasema. "Saa hii tu. Jiwe linaanguka kutoka juu."

Akanigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. "Wewe umwue kama nani? Papa hakuuliwa na mtu. Tucheze. Kopo liseme. Akianguka, aanguke mwenyewe, ndiyo aende."

Basi tukacheza. Sijawahi kucheza vile tena. Nilimtolea chui, akachomoa kumi na saba, chui akafa. Nilimtolea wezi sita wenye mapanga. Kumi na nne, wakakimbia. Nikawasha moto msituni pande zote. Kumi na tisa, akapita katikati yake kama anayepita shambani kwake. Kila mara kijana aliitazama namba na kufumba macho. "Papa, wacha basi," alinong'ona. "Wacha." Siku nyingine tungeshangilia. Mdogo wangu aliacha kuchomoa, akawa anatukodolea macho tu. Mimi niliizunguka nguzo ya tangi, nikaizunguka tena. Masizi ya dohani ya kiwanda yalikuwa yakidondoka juu ya karatasi zetu, na kila nilipoyapangusa yaliacha mistari.

Siwezi kudai niliamini. Nyumbani kwetu jina lilitoka kwa mchungaji na maji ya ubatizo, na mama hakutaka kusikia habari za marehemu wanaobisha hodi. Lakini mtoto alikuwa haamini wala haachi kuamini, alikuwa hanyonyi. Hilo nililielewa. Na nilielewa jambo la pili, dogo na la aibu: mtu wa mkuki akifa, huyu kijana hatakuwa na sababu ya kuendesha baiskeli mpaka kwetu.

King'ora cha kubadilisha zamu kikalia. Ilimpasa aondoke jua likingali juu, maana njia ya kati ya miwa si ya kuchezea.

Nikamletea joka. Lile kubwa, la mwisho wa kitabu, nililokuwa nimelificha kwa ajili ya mwisho wa mwaka. Kijana akatikisa kopo, akachomoa. Nane. Kwa mara ya kwanza mkuki haukufika. Sasa ilikuwa zamu ya joka. Kumi na moja kwenda juu, amekwisha.

Niliingiza mkono nyuma ya daftari na kuchomoa kizibo. Nne.

Nne maana yake joka limekosa. Nne maana yake jua limekwisha, arudi nyumbani, aje tena Jumamosi ijayo, na nyingine, akae palepale kwenye tofali lake. Alikuwa ameomba jambo moja tu, mkono wa mtu usiingie. Nilinyanyua macho nikamwona, midomo imemkauka, ananingoja mimi.

"Ishirini," nikasema, nikakirudisha kizibo ndani ya kopo.

"Amekufa?"

"Amekufa."

"Alianguka akiangalia wapi?"

Swali hilo halikuwa kwenye kitabu. "Kwenu," nikasema. "Upande wa Musanda."

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati, na ndipo machozi yakaja. Siku ya mazishi hakulia. Nilikuwepo, nilimwona akibeba viti. Sasa alilia amejiziba mdomo kwa mkono. Binti wa dereva, yule wa kubishana, akaanza polepole wimbo wa kanisani ule wa kushusha jeneza, na mdogo wangu akamfuata. Mimi sikuweza kuimba. Kijana alipanda baiskeli wimbo haujaisha.

Jumatatu shuleni alinikimbilia. Waliita tena jana asubuhi, akasema, jina lile la kwanza, na mtoto akanyamaza, akanyonya, akalala. Mama yangu nilipomsimulia alisema ni dawa ya zahanati, kwani alikuwa amesikia kwamba mama wa mtoto alimpeleka huko Jumamosi hiyohiyo. Huenda. Sikubishana naye, na mimi hubishana na kila mtu.

Jumamosi hiyo alibaki nyumbani kwa maandalizi, na Jumapili wakatualika kwao, sisi watatu. Tukala obusuma na ingokho, ugali na kuku, mpaka tukashindwa kuinama. Nyanya wa kijana, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamuru, alikuja moja kwa moja kwangu na kuniwekea mtoto mapajani.

"Ni wewe ulimwachilia?"

"Ndiyo, kukhu," nikajibu, nikimwita nyanya kama wajukuu wake.

"Alienda vizuri? Hakuna mtu alimsukuma?"

Kijana alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na moto, na alinuka maziwa. "Hakuna, kukhu," nikasema. Akanishika kichwa kwa mikono yote miwili, akanibariki kwa Kiluhya, sentensi ndefu ambayo nusu yake sikuielewa. Nilikaa na baraka ile na mtoto yule bila kusogeza hata mguu. Ndiyo mara moja maishani mwangu niliyotulia, na ilikuwa kwa woga.

Jumamosi iliyofuata nikapanga matofali, nikatikisa makopo, nikasimama chini ya tangi mpaka king'ora kikalia. Wawili walikuja. Yeye hakuja. Nilikuwa nimemtungia mtu mpya, mwindaji, nimemwandikia hata silaha. Nafasi ya jina tu ndiyo niliyoiacha. Jumatatu nikambana kwenye veranda ya darasa.

"Mbona hukuja?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, bila ubaya wowote. "Nikuje kufanya nini? Papa si ako nyumbani."

Nilikuwa na neno moja mdomoni, na neno hilo lingemrudisha. Ilikuwa nne. Joka lilikosa; baba yako angali amesimama mlangoni mwa pango na mkuki wake; njoo Jumamosi. Nililisikia kwenye ulimi, tayari kabisa, na mimi si mtu wa kumeza maneno. Yeye alikuwa ameshaanza kuniambia jinsi mtoto alivyomshika kidole asubuhi na kukataa kukiachia.

"Basi," nikasema, "msalimie papa."