Jina Nyuma ya Ukuta wa Hatua ya Tatu

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, nje nyuzi joto zikiwa thelathini na moja chini ya sifuri, Orysia Hnatiuk anagonga ukuta.

Ukuta wenyewe uko kwenye skrini, ndani ya kisima cha hatua ya pili, na anayeugonga ni fuko aliyevaa kofia ya posta. Orysia anamsogeza fuko mbele na kugonga mara tatu, kisha anamsogeza tena na kugonga mara tatu. Hakuna kinachotokea. Anatia alama kwenye karatasi na kuhamia ukuta unaofuata.

Kabla ya chakula cha mchana anatakiwa kumaliza kuta mia mbili na sita.

"Watu wanadhani tunalipwa kucheza," anasema bila kuondoa macho kwenye skrini. "Wewe umeona wapi mtu anacheza kwa kugonga ukuta mtupu siku nzima, huku akiomba uendelee kuwa mtupu?"

Orysia, mwenye umri wa miaka 47, ni mjaribu gemu katika kampuni ya watu kumi na mmoja iliyo kwenye mtaa wa maghala ya zamani mjini Winnipeg. Kampuni hiyo, iliyoomba isitajwe, inatengeneza gemu ndogo za kuchezwa kwenye mashine za kisasa lakini zenye sura ya miaka arobaini iliyopita: vidoti vikubwa, rangi chache, muziki wa milio mikavu. Wanunuzi wengi ni watu wa rika lake, wanaotaka nusu saa ya utoto wao baada ya kuwalaza watoto.

Gemu inayoandaliwa sasa inaitwa Fuko wa Posta. Fuko anapeleka barua kwa wakazi wa chini ya ardhi, kisima baada ya kisima, katika hatua sita.

Kazi ya Orysia ni kuyaona makosa kabla mnunuzi hajayaona. Kila kosa analiandikia ripoti yenye namba. Mwandishi wa programu akishalirekebisha, ripoti inarudi kwa aliyeiandika. Huyo peke yake ndiye anayeruhusiwa kuifunga, baada ya kurudi mahali pale pale na kuhakikisha kwa macho yake kwamba kosa limekwisha.

Analipwa dola 19.50 kwa saa. Asipofika kazini, halipwi.

Kidole gumba chake cha kulia kimefungwa bendeji ngumu kuanzia kifundo cha mkono. Baada ya miaka tisa ya kubonyeza kitufe, mwaka jana daktari alimwambia kwamba kano imechakaa na haitarudi ilivyokuwa. Kwa hiyo ana pedi mbili za kuchezea gemu mezani. Ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili aliinunua kwa fedha zake, dola 74, kwa sababu ina kitufe kinachojirudia: ukikishikilia, fuko anagonga mara kumi kwa sekunde. Anaichukua kidole kinapokataa.

Katika miaka hiyo tisa amejaribu gemu kumi na mbili. Jina lake limo katika orodha ya mwisho ya gemu nne.

Orodha hiyo ni majina yanayopanda kwenye skrini mchezaji anapomaliza. Wachezaji wengi huizima. Waajiri hawaizimi. "Ukiwaambia umefanya gemu kumi na mbili, wanafungua orodha, wanakuta nne," anasema Orysia. "Zile nane unakuwa umezisema tu kwa mdomo."

Kanuni ya kampuni yake ni fupi: anayeandikwa ni yule aliyeko kazini siku gemu inapoanza kuuzwa. Fuko wa Posta ilipangwa kuuzwa tarehe 20 Februari. Mkataba wa Orysia unaisha tarehe 28. Kwa hali ya kidole chake, alijua kwamba hii ingekuwa gemu yake ya mwisho, na kwamba jina lake lingekuwemo.

Tarehe 9 Januari alifika kwa jitu linalomzuia fuko mwishoni mwa hatua ya tano. Kila mara jitu lilipopigwa, skrini nzima iligeuka nyekundu, kisha nyeupe, kisha nyekundu. Alirekodi na kuhesabu. Skrini iliwaka mara tisa kwa sekunde. Mwisho unaokubalika ni mara tatu, kwa sababu mwako wa kasi zaidi ya hapo unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa.

Aliyeandika sehemu hiyo ni Lyle Desjarlais, mwenye miaka 29. Hakuona tatizo.

"Dada Orysia, gemu za zamani ziliwaka hivyo hivyo," alimwambia.

"Na watu wa zamani walianguka hivyo hivyo."

Kurekebisha mwako huo kulimaanisha kuchora upya hatua nzima na kuanza majaribio tena. Msimamizi wao, Rowena Pangilinan, alimfungulia Orysia kalenda kabla ripoti haijaingizwa rasmi. Tarehe mpya ya kuuzwa ingekuwa 27 Machi.

"Hakunitisha, alinionyesha tu," anasema Orysia. "Aliniambia, 'Dada, sisi tutaufikia mwezi wa tatu. Mkataba wako hautaufikia.' Nikamwambia naona."

Aliingiza ripoti namba 1,266 saa tano kasoro dakika kumi. Alipoulizwa kwa nini, alionekana kulishangaa swali. "Iliwaka mara tisa. Wewe ulitaka niandike ngapi?"

Lyle hakumkasirikia. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikaa na aibu kwa siku kadhaa, kisha akaamua kulipa kwa njia ya mafundi wa zamani. Wakati ambapo waliotengeneza gemu hawakuruhusiwa kutia sahihi kazi zao, baadhi yao walificha majina yao katika vyumba ambavyo hakuna mchezaji aliyetarajiwa kuviingia.

"Najua anagonga kila ukuta mara tatu," anasema Lyle. "Kwa hiyo ukuta wa chumba nilichokificha niliuwekea mara ishirini na tano. Nikajiambia, hakuna binadamu atakayegonga ukuta mtupu mara ishirini na tano. Ile pedi yake ya pili sikuifikiria kabisa."

Tarehe 11 Februari kidole kilikataa mapema. Orysia alichukua pedi ya pili, akashikilia kitufe mbele ya ukuta wa kulia wa kisima cha nne, hatua ya tatu, akageuka kuchukua kahawa. Aliporudisha macho, ukuta ulikuwa umefunguka.

Ndani kulikuwa na chumba kidogo, mshumaa na meza. Juu ya meza kulikuwa na barua. Fuko alipoiokota, yakatokea maandishi: BARUA HII NI YA ORYSIA H., ALIYEGONGA KUTA ZOTE.

Kumbukumbu za mashine zinaonyesha kwamba fuko alisimama ndani ya chumba hicho dakika nne bila kusogea. Kisha Orysia aliandika ripoti namba 1,412: "Hatua ya 3, kisima cha 4, ukuta wa kulia. Ukigongwa mara 25 unafunguka. Ndani kuna maandishi yasiyomo katika mpango wa gemu. Kiwango cha kosa: zito."

Ni zito kwa sababu mtengenezaji wa mashine zinazochezewa gemu hizo anataka kila kilichofichwa kitajwe kabla gemu haijaidhinishwa. Kisichotajwa kikigunduliwa baadaye, gemu inaweza kuondolewa sokoni, na watu kumi na mmoja wanaitegemea.

Lyle alipoiona ripoti alikuja hadi mezani kwake. Waliokuwepo wanayakumbuka mazungumzo hayo vizuri.

"Dada, umejishtaki mwenyewe?"

"Nimeushtaki ukuta."

"Ungenyamaza tu! Nani angejua?"

"Mimi."

"Kwani wewe nani, polisi?"

"Mjaribu. Halafu ishirini na tano ni chache, bwana. Kama unaficha, ficha kama mtu mzima."

Mmoja alicheka, akaacha. Siku iliyofuata Lyle alipewa barua ya onyo.

Rowena anasema hakuwa na njia nyingine. Kuhusu orodha, anasema watu saba waliifanyia kazi Fuko wa Posta kwa mikataba mifupi wakaondoka kabla ya Orysia. "Nikimwandika yeye, lazima niwaandike wote saba. Nilipeleka ombi kwa wenye kampuni. Jibu lilikuja kwa mstari mmoja." Hakutaka kusema mstari huo ulisema nini.

Orysia mwenyewe hajaomba kuandikwa. Saa sita anakula vareniki, sambusa za kuchemsha za Kiukraini, alizotoka nazo nyumbani, akitumia uma kwa mkono wa kushoto. Lyle anapita na kikombe chake.

"Mama wa kuta, hujazimaliza tu?"

"Rekebisha kwanza ngazi zako za kwenye visima, ndipo uje kunihesabia."

Lyle anasogeza kiti, anakaa karibu naye.

Zimebaki siku kumi za kazi. Orysia ameomba kazi ya kukagua sampuli za ngano katika maabara moja mjini, bado hajajibiwa. "Unaangalia punje, unatafuta iliyooza," anasema. "Ni kazi hii hii. Ila kule hakuna kitufe."

Chumba cha hatua ya tatu kitaondolewa katikati ya Machi, pamoja na marekebisho mengine ya mwisho. Wakati huo Orysia atakuwa ameshaondoka. Mjaribu mwingine hajaajiriwa. Kwa hiyo ripoti namba 1,412 itafungwa na Rowena, kwa idhini maalumu, bila kuhakikishwa na aliyeiandika. Katika miaka tisa, Orysia hajawahi kuacha hata moja ifungwe hivyo.

Amepanga jambo moja. Tarehe 27 Machi atainunua Fuko wa Posta kwa dola 19.99, kama mnunuzi mwingine yeyote, na kuiweka kwenye mashine ya nyumbani kwake Mtaa wa Selkirk. Ataipita hatua ya kwanza na ya pili. Katika ya tatu atashuka kisima cha nne na kusimama mbele ya ukuta wa kulia.

"Lyle ni fundi mzuri," anasema. "Natarajia ukuta mtupu."

Na anatumaini nini?

Anaivuta pedi ya kawaida, anaweka kidole gumba chenye bendeji juu ya kitufe. Fuko anagonga mara tatu. Hakuna kinachotokea. Anatia alama.

"Nitagonga kwa kidole changu hiki," anasema. "Mara ishirini na sita: ishirini na tano za ripoti, moja yangu."