Ndovu wa Mzee Kobia

Watu wa Meru wana ugonjwa mmoja: kila mtu anataka geti ambalo halijawahi kuonekana duniani, halafu anachagua simba. Kiogora, fundi wa kuchomelea karibu na soko la Gakoromone, aliteswa na ugonjwa huo wa wenzake miaka minane. Mteja anakuja na vipimo vyake, picha yake kwenye simu na masharti kama anajengewa ikulu. Wiki mbili za jasho, kisha anatoka simba yuleyule. Loo!

Siku moja akachoka. Tangu hapo nguzo zake zote zilisimamishwa kwa nafasi moja, pande za geti zikawa na kimo kimoja, matundu ya bolti yakatobolewa kwa kipimo kimoja. Juu yake mteja anafungiwa pambo ambalo roho yake inapenda: tai, maua, msalaba, au simba, bila shaka simba. Wakachagua kwa fahari, wakaenda nyumbani na mageti pacha, kila mmoja akiwacheka majirani. Kazi ya wiki mbili ikawa ya siku mbili.

Aliyebaki kumdharau ni mmoja tu, Mzee Kobia wa Kibirichia, mkulima wa viazi na baba wa mkewe, Karambu. Kobia alitarajia mkwe mwalimu, akaletewa mtu anayetazama moto kutwa. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kuiita kazi ya Kiogora kazi. Kiogora alisema hajali, lakini ilimuuma, tena sana. Kwa hiyo mzee alipoagiza geti kwa sababu wakwe wa binti yake mdogo, Kinya, walikuwa wanakuja, fundi wetu alifurahi kupita kiasi.

"Nataka langu peke yangu," Kobia akaonya. "Sitaki hivyo vyako vya kila mtu."

"Lako peke yako, Mzee."

Akamkatia ndovu. Wala hakudanganya, ndovu alikuwa wa Kobia peke yake. Pande zilizombeba ndizo zilizokuwa za Meru nzima.

Asubuhi ya ugeni, lori lililokuja kuchukua viazi likarudi nyuma bila kutazama. Upande mmoja wa geti ukakunjika kama chapati, ndovu akalala mtaroni miguu juu, mzima. Wageni walitarajiwa saa saba. Kobia akampigia mkwe wake simu: "Chuma chako kimenivunjia heshima!" Lori hakulitaja, maana lori halikuoa binti yake.

Kiogora akapakia kwenye pikapu upande wa geti la Mwalimu Phyllis, mteja wake mwingine, uliokuwa karakanani ukimsubiri mwenyewe. Saa sita alikuwa Kibirichia, spana mkononi. Akafunga bawaba, akamrudisha ndovu mahali pake, na kabla chai aliyowekewa haijapoa geti likafunguka na kufungika bila kelele.

Kobia akalizunguka mara mbili.

"Huu upande ni wa nani?"

"Wa Mwalimu Phyllis."

"Na umeingia kwangu sawasawa?"

"Sawasawa, Mzee."

"Kumbe langu ni kama la kila mtu!"

Hapo hasira za miaka tisa zikampanda Kiogora. "Ndiyo! Lingekuwa lako peke yako, wageni leo wangepita kwenye shimo!"

Karambu, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni pa jikoni, akaacha kisu. Hakuna mtu aliyewahi kumfokea baba yake pale nyumbani. Kobia akafungua mdomo, na gari la wageni likapiga honi.

Waliposhuka tu wakaanza kulisifu geti. Mzee akakohoa, akamshika Kiogora bega.

"Huyu ndiye fundi wetu, mkwe wangu. Nilimkalisha chini nikamwambia, kijana, tengeneza vipande vinavyobadilishana. Si unaona?"

Mwongo mkubwa huyo! Kiogora alitaka kumuumbua palepale mbele ya wakwe. Lakini lile neno fundi lilikuwa limeshamwingia, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, mwanamume mzima. Akainama na spana yake, akaanza kukaza bolti ambayo ilikuwa imekazwa tayari.