Nyumba ya Kanduyi Isiyolaliwa

Baba alituachia nyumba ya matofali Kanduyi, nje kidogo ya mji wa Bungoma, pamoja na bima ya nyumba hiyo. Mama alikuwa ametangulia. Mimi ndiye kifungua mimba. Nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili, nikafanya kazi kwenye kinu cha kusaga unga Kitale, na wadogo zangu watatu nikawachukua tukaishi katika chumba kimoja cha kupanga. Mshahara ukiingia nilitoa kodi, chakula, karo, halafu akiba ya bima.

Wenzangu kinuni walinicheka. "Ati unalipia nyumba ambayo hata hulali? Bana, wewe una pesa!"

Sikuwa nazo. Lakini nyumba ile ndiyo kitu pekee ambacho wadogo zangu wangeweza kusema ni chao, na radi za Bungoma nazijua.

Nilijaribu kuipangisha. Mpangaji wa kwanza, mwalimu, alikaa wiki chache akarudisha funguo. Makaburi ya wazazi wangu yako mbele ya dirisha la sebule, kama ilivyo kwetu, na alisema hawezi kunywa chai akitazamwa. Wa pili hakutoa sababu. Alihama mchana, mlango akauacha wazi.

Basi nikaifunga. Kila Jumamosi nilitoka Kitale kwenda kufungua madirisha, na nilipoondoka niliacha redio ya baba ikiongea ili wezi wadhani kuna watu. Jumamosi moja nilikuta imezimwa. Kufuli lilikuwa vile nilivyoliacha, na stima haikuwa imepotea. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa rafiki ya marehemu mama, alinisemesha kutoka upande wa pili wa ua.

"Redio ilizimwa taarifa ya habari ilipoisha. Si ndivyo mzee alivyokuwa anafanya?"

"Nani anaizima?"

"Sasa utaniuliza mimi? Nyumba ni yenu."

Nikaiwasha tena, nikaondoka bila kugeuka nyuma.

Wakati wa kulipia mwaka mwingine ulipofika, ajenti wa bima alinipigia simu. Alikuwa mwanamke mwenye sauti ya haraka. Aliuliza nani analala pale, nikamwambia ukweli.

"Hakuna mtu? Ndugu yangu, nyumba ikikaa zaidi ya mwezi bila mtu halafu iungue, hulipwi hata mlango." Akasema atakuja mwisho wa mwezi kuikagua.

Nikaenda kwa senge, dada ya baba, nikamwambia nitahamia mwenyewe. Alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Wewe? Mwanamume aliyetahiriwa alale chini ya paa la baba yake?"

"Senge, baba amekufa."

"Amekufa, lakini paa si lake? Wewe pako ni kwa simba."

Simba ni kibanda ambacho mvulana wa kwetu hulala akishatahiriwa. Changu kilikuwa bado kimesimama nyuma ya nyumba, cha udongo, kimeinama upande mmoja. Nikaomba kazi kwenye kinu kilicho karibu na Kanduyi. Mshahara ulikuwa mdogo zaidi, ila kodi ya Kitale iliondoka. Wadogo zangu wakahamia ndani ya nyumba, mimi nikatandika kwa simba. Chumba cha wazazi hatukukigusa. Kitanda chao kilibaki kimetandikwa.

Ajenti alikuja mchana, jua likiwa kali. Dada yangu, mkubwa wa wale wadogo watatu, alimtembeza, nami nikafuata nyuma. Aligonga ukuta, akatazama nyaya za stima, akasifu jikoni. Alipofika chumba cha wazazi alisukuma mlango kidogo, akasimama, kisha akaurudisha polepole kwa mikono miwili.

"Pole, mzee," alinong'ona. Akatugeukia. "Mngeniambia kuna mtu amelala. Kwa hiyo pamoja naye, ndani mnalala wangapi? Wanne?"

Dada yangu alinitazama. Wadogo wawili tuliwasikia wakicheza nje.

"Watatu," nikasema.

Ajenti alinitazama, akautazama mlango, akaandika watatu. "Na wewe?"

Nikamwonyesha simba kupitia dirishani.

"Kile hakimo kwenye bima."

"Najua."

Hakumaliza soda tuliyompa. Kutoka langoni alisema bima itaendelea, tena akasema bila kuulizwa kwamba nyumba ina watu wa kutosha.

Tuliporudi ndani niliufungua ule mlango. Shuka lilikuwa limenyooka, halina hata mkunjo.

"Turudi Kitale?" dada yangu aliuliza.

"Tukiifunga tena, tumeipoteza. Mtakaa. Mkipita hapa, salimieni tu."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nje nikinawa uso. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia dada yangu akipita na ndoo ya maji, akasimama mlangoni pa chumba cha wazazi, akasalimia kwa sauti ya chini. Kisha akangoja, kama mtu anayemsikiliza mwenzake amalize sentensi, akasema, "Haya, asante," na kuendelea na kazi.