Mashine ya Kufua Ndani ya Basi la Mzee Kyalo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika duka la kutengeneza mashine za kufulia kule Eastleigh, Nairobi, Bwana Meneja alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akasema, "Mama fua wanapitia nyuma." Mama fua ni yule mwanamke anayeitwa majumbani kufua nguo kwa mikono. Mimi nilikuwa nimeshika bisibisi na cheti cha ufundi! Nilipita huko huko nyuma, nikaketi mbele ya mashine iliyokuwa inavuja, na kazi ikaanza.

Baadaye nilihamia chumba cha dobi katika hoteli moja mjini. Mkuu wa Dobi alikuwa mkali kama pilipili. "Nguo safi iliyo mbichi ni kazi nusu, Akinyi," alinifokea kila siku, na ndiye aliyenifunza vikaushio. Nilimalizia katika gereji ya kuunda bodi za mabasi kule Baba Dogo, karibu na kwangu, mtaa wa Lucky Summer. Huko nilifunga nyaya na mabomba, nikidhani nimeyaona yote.

Ndipo Mzee Kyalo na mkewe walipoleta basi kuukuu. Walitaka ligeuzwe nyumba: kitanda, jiko, choo, na mashine ya kufua na kukausha. Mashine ya kufua ndani ya basi! Tulicheka. Mkewe hakucheka. Alinivuta kando akaniambia kwamba mumewe, aliyekuwa dereva wa malori ya mafuta, alipata kiharusi kilichomwachia mguu mzito na kibofu kisichomsikia.

"Ni shuka, dada yangu. Kila asubuhi. Dada yake wa pekee yuko mjini Mwingi, anamwita kila Krismasi. Mzee anaona heri afe hawajaonana kuliko kumwachia godoro lililolowa."

Kicheko kilinikauka mdomoni. Sikujua kwamba shuka inaweza kutenganisha watu wa tumbo moja.

Ninyi vijana mnaosoma haya, sikieni jinsi tulivyochagua. Mashine ya kufunguka mbele hunywa maji machache kuliko ya kufunguka juu, na ndani ya gari kila tone ni mzigo. Kikaushio nacho, kimoja hutupa mvuke nje kwa bomba, kingine huugeuza mvuke kuwa maji na kuyamwaga. Nafasi yetu ilikuwa ya kabati tu, basi tukachukua mashine moja inayofua na kukausha katika pipa lile lile. Ni ya polepole, haipendi nguo nyingi, lakini shuka za mzee ziliingia. Chini yake nilitandika vipande vya tairi nilivyokatiwa na washona akala, vile viatu vya matairi, wa Kariokor, ili isitetemeshe sakafu inapokamua.

Likabaki suala la maji. Bwana Msimamizi wa gereji hakufikiri mara mbili. "Tanki inaenda juu. Maji isiposhuka, hiyo mashine itapata presha wapi? Kwa maombi?"

Hakuna aliyebisha. Kwetu Eastlands maji ya mfereji huja kwa kuotea, na nyumba isiyo na tanki jeusi juu ya paa tunaiona haijakamilika. Tulilipandisha juu ya basi, tukalijaza, tukafua shuka za kwanza. Zilitoka kavu, za moto. Mzee alizishika, akazinusa, akasema lazima naye apande tukalijaribu basi barabarani.

Dereva wa gereji hakwenda kasi, naapa. Tulipofika kwenye kona, maji yaliyosalia yalikimbilia upande mmoja, na basi likalala. Lililala kweli! Sufuria ziliruka, mke wa mzee akaniangukia, nami nikaona lami dirishani, mahali nilipozoea kuona watu.

"Wueh! Tumekwisha!" Msimamizi alipiga kelele.

"Nyoosha usukani!" Mzee Kyalo alinguruma kutoka kitini. "Nyoosha, kijana!"

Dereva alinyoosha. Magurudumu yalirudi chini kwa kishindo, basi likasimama.

"Nani ameweka maji juu?" mzee aliuliza.

"Ni mimi, mzee wangu," alijibu Msimamizi, jasho likimtoka.

"Nimebeba mafuta Mombasa hadi Busia. Tanki likijaa hutulia. Likiwa nusu, linakuua. Na wewe umelipandisha kichwani!"

Mkewe alikuwa akilia. "Mume wangu, tuache haya. Turudi nyumbani."

Mzee aliuangalia mguu wake mzito, nami nikajua safari ya Mwingi imekufa. Kisha akasema, "Nyumbani nimekaa vya kutosha. Wekeni tanki chini, na pampu."

Tuliliweka chini ya sakafu, katikati ya magurudumu. Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho kabla ya kustaafu. Siku hizi watu huniuliza ni mashine ipi bora, nami huwauliza kwanza ni nguo za nani. Wananishangaa. Wacha washangae.

Mkewe alinipigia simu kutoka Mwingi. Mzee alikuwa amekubali kulala ndani kwa dada yake, maana mashine ilikuwa hapo langoni. Asubuhi alitoka na shuka yake, akamkuta dada yake amemtangulia mlangoni mwa basi, ameficha kitu chini ya kanga.

"Mwana wa mama," alimwambia, "hii mashine itakubali na yangu? Unadhani ni kwa nini sijawahi kuja kwako Nairobi?"