Niliufunga kwa Kanga

Sijui kama naandika hivi kwa haki. Niliishia darasa la saba, na mambo ya mwili wa mwanamke nilifundishwa na kungwi nilipokuwa mwali, nimewekwa ndani. Alinifundisha mengi mazuri. Kwamba mfuko wa uzazi unaweza kutoka nje, hakuniambia. Pengine naye hakuambiwa.

Wangu ulianza kutoka baada ya mtoto wa pili. Wiki ya tatu tangu nijifungue nilijitwisha mkungu wa ndizi, nikateremka mlima kwenda sokoni mjini. Hakuna aliyenilazimisha. Mume wangu alisema, "Pumzika kwanza." Nikamjibu ndizi hazitanisubiri. Njiani nikasikia kitu kizito kinashuka katikati ya mapaja. Nilikirudisha kwa vidole, nikajikaza kanga tumboni. Miaka minne nilifanya hivyo, na kila mzigo ulivyozidi nilizidi kukaza.

Hospitali, muuguzi alinionyesha nyonga ya plastiki. Kibofu mbele, njia ya haja kubwa nyuma, mfuko wa uzazi katikati, vyote vimelala juu ya nyama za chini kama juu ya kitanda cha kamba.

"Dada, ukikaza kanga tumboni unausukuma huku." Akaubonyeza kwa gumba, ule mfuko wa uzazi wa plastiki ukadondoka sakafuni. "Hata huyu kachoka!" akacheka. Na mimi nikacheka. Hakuwa na nia mbaya.

Daktari akasema sehemu iliyokuwa nje ina kidonda ambacho hakipendi, anahofia ni saratani. Anashauri mfuko utolewe.

Nina wavulana wawili. Kwetu Uluguruni ukoo hufuata mama, na mama alinizaa mimi peke yangu. Nisipopata binti, nyumba ya bibi inaishia kwangu. Kwa hiyo mjomba, kaka yake mama, aliitwa.

"Hamwezi kuurudisha, hata azae mmoja tu?" alimuuliza daktari.

"Angekuja mapema tungejaribu. Sasa siwezi kuahidi hata uhai wake."

Mjomba akanigeukia. "Ungesema, mpwa wangu."

"Nikwambie wewe, mjomba, habari za huko chini?"

"Mimi, hapana. Mama yako je?"

Ilikuwa kweli. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni yangu, ameshika mkoba wangu.

"Wa kwangu ulitoka wewe ukiwa bado mgongoni," akasema taratibu. "Ndiyo maana hukupata mdogo wako. Nikajifunga kanga, basi."

Mjomba alitazama dirishani. Nadhani hakujua hilo maisha yake yote, naye ni kaka yake wa tumbo moja.

Nilitaka kumkasirikia mama. Kama angesema! Lakini miaka ile minne chumba chake kilipakana na changu, alinisikia nikiguna asubuhi, akaniuliza nina nini, nikamjibu ni mgongo.

Nikaomba kalamu nisaini fomu ya kukubali mfuko utolewe. Saini ikatoka vibaya, muuguzi akaniambia niandike tena.